Wageni wakiisha, vijana wa daraja la mikoko tuwafanyeje?

SWALI: Mshauri hujambo. Sisi ni kikundi cha kijiji huku pwani ya Kwale, tuna daraja la mbao la kupitisha wageni ndani ya mikoko, kiingilio kidogo tu. Disemba mpaka Pasaka tunaweka vijana sita, mvua ikianza wageni wanakatika tunawaambia wapumzike, basi wakipumzika ndio hawarudi tena, wale wazuri wanachukuliwa na mahoteli na Julai tunaanza kufundisha wengine upya. Mwaka huu mmoja amekuja juu, ati yeye si kibarua na anatudai notisi. Na tipu nazo zinatugombanisha kila wiki. Tufanyeje? – Mweka hazina, Kwale

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Nianze na huyo kijana maana huyo ndio moto, na pole lakini ana haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni yule analipwa siku ikiisha na haandikwi zaidi ya saa 24 kwa mara moja, sasa nyinyi mmekaa naye tangu Disemba, na kifungu cha 37 kinasema siku za mfululizo zikishafika mwezi anahesabiwa ni wa mshahara wa mwezi, na wa mwezi haachishwi bila notisi ya siku 28 kwa maandishi. Mlipeni muachane vizuri, pengine Julai mtamtafuta huyo huyo.

Msimu ujao andikeni mkataba, kwani kazi ya miezi 3 kwenda juu lazima iandikwe. Karatasi moja yatosha, anaanza lini anamaliza lini, mshahara, siku moja ya kupumzika kila wiki, likizo yake. Na bima ya kuumia kazini msiisahau, misumari ikiliwa na chumvi ubao unang'oka mtu yuko juu yake.

Sasa hoteli. Hoteli inawachukua kwa sababu nyinyi hamna cha kuwashikia, Aprili mnawaambia kwaheri na hamjui wanakula nini mpaka Julai. Mimi ningechagua wawili niwalipe mwaka mzima, hata mshahara ukiwa mdogo, pesa yao itolewe kwenye kiingilio cha Disemba kabla hamjagawana chochote (najua kugawana kunavyokuwa kutamu). Kazi wakati wa kusi, wageni wakiwa wamekatika, haikosi, mbao za kubadilisha, kitalu cha miche, kuzungukia mashule, na kupanga zamu kwa hesabu ya maji, maana bamvua (maji yakijaa na kutoka sana) na maji mafu (yakijaa na kutoka kidogo) si sawa na mgeni akija saa ambayo si yake anaona nusu tu. Hao wawili ndio watafundisha wengine, yule anayejua kumwambia mgeni alambe jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, aonje chumvi inayotoka, halafu amuonyeshe mkandaa, aina nyingine, ulivyo tofauti na mkoko wenyewe, huyo hapatikani kwa wiki moja. Wanne waliobaki walipieni mtihani wa bronzi, ule wa ngazi ya kwanza, wa chama cha waongoza wageni, KPSGA, nusu sasa na nusu akirudi Julai.

Tipu mimi nina msimamo, iliyotiwa mkononi ni ya aliyetiwa, mgeni amemlipa mdomo wake. Iliyo kwenye sanduku la getini igawanywe kwa wote, wa tiketi na wa kufagia pia, mhesabu Jumamosi wote mkiwa hapo, na ufunguo wewe mweka hazina usikae nao peke yako, usinikasirikie.

Halafu nendeni Gazi, ni hapo hapo Kwale. Kina mama wana daraja kama lenu, na kijiji kina mradi wa Mikoko Pamoja ambao tangu 2013 unauza hewa ya ukaa, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inafyonza na kuihifadhi, pesa hiyo haingoji mtalii ashuke ndege. Msidhani mtaanza kesho, inataka watafiti na vipimo na miaka, lakini hao wawili wenu waende wakaulize.