Jibu: Nyumba ya kupangisha wageni Bagamoyo
Mkuu, umeuliza kama unaweza kuilipia kwanza hiyo nyumba ya ufukweni Bagamoyo, vibali vya kupangisha wageni vifuate baadaye. Usithubutu! Soma kwenye hati sehemu ya matumizi: ikiandikwa makazi pekee, itabidi uombe kubadili matumizi ya ardhi, na hiyo safari ni ndefu. Mchoro wa mipango miji kautazame mwenyewe halmashauri. Mimi dalali aliniapia kiwanja hakina shida, kumbe nusu ya uwanja ni hifadhi ya barabara. Halafu beba futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kwa ulivyoieleza, baraza lake linakaribia kulowa.