Kabla hujachora pua ya ndege, chagua kiwanja

Nilikulia Arua, Uganda, na ndege za kwanza kuzijua zilikuwa za propela, zikitua kwenye changarawe na kuacha vumbi jekundu nyuma yake. Nilipoanza kubuni ndege yangu mwenyewe ya kurusha kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege, sikuwaza jeti hata siku moja. Nilitaka ya abiria 44, injini mbili, nikaiita Korongo. Miezi mitatu nilishughulika na pua, madirisha na rangi. Siku nilipoipeleka Kasese ndani ya simuleta, ilimaliza barabara yote ya kurukia ikaingia majanini bila kuinua hata gurudumu la mbele.

Iliniuma sana, lakini ndipo nilipojifunza. Ndege ya abiria huanzia kwenye safari yake. Amua kwanza itaruka kutoka wapi, saa ngapi, imebeba nini. Yangu ingekwenda Entebbe, Kasese na Arua. Entebbe iko mita 1,153 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, uzito wa hewa pale ni kama asilimia 83 tu ya ile hewa ya kipimo wanayotumia wahandisi, yaani usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Maana yake, hata kipima kasi kikionyesha namba ileile, magurudumu yanakimbia ardhini kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10 hivi, huku injini ikivuta hewa haba. Ukijaribu Entebbe peke yake hutaliona tatizo, kwa sababu barabara yake kuu ina mita 3,658 na inasamehe mengi. Jaribu kwenye viwanja vidogo, tena saa nane mchana.

Kisha chukua daftari ujumlishe uzito. Korongo tupu nilikadiria kilo 11,200. Abiria 44, kila mmoja na begi lake kilo 95, ni kilo 4,180. Mafuta kilo 2,000. Jumla 17,380. Bawa nililochora lilikuwa na mita za mraba 42 tu, kwa kuwa jembamba lilinipendeza; kila mita ya mraba ikabeba kilo 414. ATR 72-600, ndege halisi ya abiria ya propela mbili, ina kilo 23,000 juu ya mita za mraba 61, yaani kama 377. Nikalipanua bawa langu hadi mita za mraba 52, mzigo ukashuka hadi 334. Sura ilibadilika, na leo naipenda zaidi kuliko ile ya kwanza.

Propela nayo ilinidanganya. Nilitaka kubwa, ya mita 4.5, izunguke mara 1,500 kwa dakika. Zidisha mwenyewe: ncha ya panga inakwenda mita 353 kwa sekunde, wakati sauti husafiri kama 340. Ncha ikifika huko, nguvu nyingi inapotea kwa kelele na ukinzani. Propela ya ATR ina kipenyo cha mita 3.93 na mizunguko 1,200, ncha zake ziko kwenye 247. Natumia simuleta ya FlightGear kwa sababu ni ya bure, na jinsi nilivyoijenga ndege yangu humo, tabia yake inatokana na namba ninazoandika kwenye faili. Haikunizuia hata kidogo. Inaamini chochote unachoiambia, kwa hiyo hesabu ni jukumu lako.

Nilipodhani nimemaliza, nilimwonyesha mchoro jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa fundi wa Fokker Friendship, ndege ya abiria ya propela ya zamani. Aliuangalia kimya, akaweka kidole ubavuni mwa ndege. "Mwanangu, mizigo inaingilia wapi?" Sikuwa nimeweka mlango wa mizigo. Akauliza tena, ngazi ya abiria iko wapi, na kiwanja kikikosa umeme wa kuunganisha ndege itafanyaje. Niliporudi nyumbani nikasoma kuhusu ATR: injini ya kulia ina breki ya propela, injini inaendelea kutoa umeme huku panga zimesimama na watu wanapanda. Niliiga hilo. Nikaweka pia bawa juu ya kiwiliwili, propela zikae mbali na mawe ya changarawe. Na ukienda kutazama ndege za kweli, nenda na daftari. Usipige picha kiwanjani bila ruhusa.

Jaribio nililokawia kulifanya ni la injini moja kufa wakati wa kuruka. Kwenye ATR 72-500, injini moja ikizima, propela yake hugeuza panga zikate hewa kwa makali, na injini iliyobaki hupanda yenyewe kutoka nguvu farasi 2,475 hadi 2,750. Korongo haikuwa na akiba hiyo. Nilikuwa nimeandika nguvu ya juu kabisa kama ndiyo ya kila siku. Nikaipunguza ya kawaida, nikaacha akiba.

Juzi jioni nilijaza abiria wote, nikaruka kutoka Kasese na kuzima injini ya kushoto mara tu magurudumu yalipoinuka. Mbele ya bawa la kulia panga ziliendelea kuvuta. Milima ya Rwenzori haikuwa njia, kwa hiyo nikageuza polepole kuelekea Ziwa George, na sindano ya kupaa ikabaki juu ya sifuri, taratibu, hadi maji yakaonekana.