Kubandua Tinti Kuukuu: Joto Kwanza, Wembe Mwisho

Wewe unayeanza kazi hii ya kubandika tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo vya gari, hapa Mombasa, usishangae ukikabidhiwa kwanza gari la kubandua tinti ya zamani kabla hujafundishwa kuweka mpya. Jua letu halina huruma na tinti ya bei ya chini. Weusi wake hugeuka zambarau, kisha yanatokea malengelenge. Mwanafunzi akiyaona malengelenge hudhani kazi imeshakwisha nusu, akaingiza ukucha na kuvuta. Kumbe karatasi iliyochomwa na jua miaka mingi imekauka, na ukiivuta ikiwa baridi inakatikakatika kama maganda ya kitunguu, gundi yote ikabaki kwenye kioo. Hapo umejiongezea kazi mara mbili.

Joto ndilo linalobandua tinti. Draya ya nywele inamtosha anayeanza. Mashine ya hewa moto ya gereji ni kali, inaweza kukunja raba na plastiki za mlango. Anzia pembe ya juu, izungushe draya bila kuisimamisha mahali pamoja, maana kioo kilichopata moto upande mmoja tu huweza kupasuka. Gusa kwa mgongo wa mkono. Kikiwa na joto la kikombe cha chai, inua ncha, vuta polepole, karatasi ikiwa imelala karibu na kioo. Sikiliza. Ikilia kama kitambaa kinachochanwa, umekwenda mbio, irudishie joto. Inapotoka vizuri haina kelele, na upande wa ndani utauona unang'aa kwa gundi iliyofuatana nayo.

Kama hakuna umeme, tumia jua lenyewe. Pulizia maji ya sabuni juu ya tinti, ifunike kwa plastiki nyeusi ya mfuko wa taka, egesha gari juani tangu saa nne hadi adhuhuri. Wako wanaopulizia amonia chini ya plastiki hiyo. Inalainisha gundi kweli, lakini mvuke wake unachoma macho na kifua, na ikikutana na Jik hutoa gesi ya sumu. Mimi niliiacha kabisa, na wanaojifunza kwangu siwaruhusu.

Sasa kioo cha nyuma, ndugu yangu, hapo tulia. Magari yetu mengi yameshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani, na kwenye kioo cha nyuma yana mistari myembamba ya umeme inayopasha kioo joto ili kuondoa ukungu. Mistari hiyo iko upande wa ndani, ulipobandikwa tinti, na mara nyingine antena ya redio imechorwa papo hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilikwangua kioo cha namna hiyo kwa wembe, kikatoka safi, mteja akashukuru akaenda zake. Mvua za Mei zilipoanza alirudi: kioo kimejaa ukungu, haoni nyuma, naye alikuwa akiwapeleka watoto shule kila asubuhi. Nilikuwa nimeikata mistari minne. Bado inaniuma, kwa sababu aliniamini.

Kwa hiyo wembe usifike pale. Pasha moto, vuta kwa kufuata mistari, kutoka upande hadi upande, usivute kwenda juu wala chini. Gundi itakayobaki hunata kama utomvu wa fenesi. Ilowanishe kwa maji moto yenye sabuni, iache dakika kumi bila kukauka, sugua kwa kitambaa laini ukifuata mistari vilevile, kisha rudia, hata mara tano.

Vioo vya milango havina mistari hiyo, wembe unaruhusiwa, ila uwe mpya na kioo kiwe kimelowa. Usukume mbele tu, uinue, uanze upya. Ukiurudisha nyuma unakokota mchanga chini yake, na pwani hii mchanga haukosekani.

Na kabla hujagusa chochote, mwite mteja. Washeni swichi ya kioo cha nyuma pamoja, pulizia pumzi kwenye kioo mpaka kififie, tazameni ukungu unapotoweka kwanza. Mstari usiojisafisha ulikufa kabla yako. Muonyeshe kwa kidole, ihesabuni pamoja mistari iliyokufa, ndipo uchukue draya.