Anti, nikionekana kwa kaunsela si watasema nimechizika?

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka vyuoni na wala sishangai, UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, zinakaribia na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, kama kawaida linasuasua. Nimechagua nne, na za wengine zinafanana sana na hizi kwa hiyo soma tu hata kama jina lako halipo.

Anti shikamoo. Mi niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Dar. Toka semista ianze silali, yaani nashtuka saa tisa usiku nakodolea dari mpaka adhana, alafu usingizi unakuja asubuhi nakosa lekcha. Chakula sina hamu nacho, nalia hovyo, rumeti wangu anasema nimekua mvivu najidekeza. Nilifika mpaka nje ya ofisi ya ushauri nasaha nikageuza, maana iko korido moja na ofisi ya mshauri wa wanafunzi na kulikua na watu wa kozi yangu wanafuatilia vyumba vya hosteli. Nikionekana pale si watasema nimechizika? Na hawawezi kumpigia baba simu, au bodi ya mikopo wakajua? *Binti wa mwaka wa pili*

Marahaba mwanangu, na pole. Hizo korido nazijua, nimekaa upande wa ndani wa mlango kama huo miaka mingi. Wengi wanaokuja mara ya kwanza wanasema "nimemsindikiza mwenzangu", mwenzake mwenyewe haonekani popote, na kaunsela anayeijua kazi yake hamuulizi mwenzio yuko wapi, anamwambia karibu ukae. Wengine wanakuja na bahasha ya kaki mkononi ili waonekane wamefuata saini. We pia chukua bahasha yako uende nayo. Au piga simu kwanza uombe upangiwe saa, sema unataka ile ya jioni watu wa vyumba wakishaondoka, ni ombi la kawaida kabisa.

Ukishaingia, hakuna mahubiri. Ataandika jina, kozi na unapokaa, atakueleza habari ya siri, alafu ataanza na maswali ya maisha tu: unalala saa ngapi, unakula nini, imeanza lini, nyumbani kukoje. Anaweza kukupa karatasi ya maswali tisa inayoitwa PHQ-9, inauliza ndani ya wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa usingizi, umekosa hamu ya vitu, umejiona hufai, na swali la tisa linauliza kama umekua na mawazo ya kujidhuru au kuona bora ungekufa. Hilo la tisa watu wanalirukia haraka wanaweka sifuri, usifanye hivyo, jibu ukweli. Kila swali ni alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 kwenda juu ndo anaanza kukufuatilia kwa karibu. Kaunsela haandiki dawa. Akiona inafika huko anakuandikia rufaa kwa daktari wa afya ya akili, na rufaa siyo Mirembe jamani! Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma na watu wamezoea kuitaja kama tusi, ila we wa Dar ukipewa rufaa ya Muhimbili unaenda kliniki ya mchana na kadi yako ya bima, unakaa kwenye foleni, unarudi hosteli kula wali maharage.

Siri sasa. Baba hapigiwi simu, umeshapita miaka 18. Bodi ya mikopo inapata matokeo yako kutoka chuoni, haina shida na nani kalia kwa nani. Kaunsela anaruhusiwa kufungua mdomo pale maisha yanapokua hatarini, yako au ya mtu mwingine, au mahakama ikidai, na hata hapo anatakiwa akwambie kwanza ikiwezekana. Muulize siku ya kwanza kabla hujasema lolote, "nikikwambia hili linaishia wapi?" Akibabaika, omba mwingine.

Ila kitu ninachotaka unisikilize kuliko vyote ni hiki, nenda wiki hii, usisubiri matokeo. Kila mwaka mambo ni yale yale: majina yanabandikwa, mtu ana sapu tano, yaani mitihani ya kurudia, au amedisko kabisa, ametolewa masomoni, ndo anakuja analia kwamba semista nzima alikua anaumwa, na mi namwamini kabisa, lakini kamati haiamini machozi, inauliza ulitibiwa wapi na lini, karatasi iko wapi. Hana. Mwenzake aliyefika kabla ya mitihani ana faili, ana barua ya daktari, anaandika kuomba kuahirisha mtihani na akija kuufanya baadae unahesabiwa kama mara ya kwanza, alama zote anazipata, wakati mwenye sapu hata akijibu vizuri namna gani vyuo vingi vinamwishia kwenye C. Na ukishaingia chumba cha mtihani ukakaa ukaandika ukatoka, kuja kusema baadae ulikua mgonjwa ni mlima. Barua ya leo inafanya kazi, ya mwezi wa matokeo ni ya kuwekea chapati.

Na rumeti usimchukie, hajui tu. Uvivu haumuamshi mtu saa tisa usiku.

Habari za kazi mwenzangu. Niko Mbeya, kijana wangu yuko mwaka wa tatu uhandisi. Daktari amemwandikia dawa anasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na yeye anataka kuahirisha mwaka arudi nyumbani. Baba yake amewaka, anasema sisi tulisoma na njaa mbona hatukuumwa sonona. Bibi yake anasema kuna mkono wa mtu. Mimi nimempeleka kwenye maombi, na mtumishi wa pale anasema aache dawa kwanza, imani isichanganywe. Nimechoka. *Mama wa Mbeya*

Pole sana mama mwenzangu, naanza na la mwisho. Dawa asiache. Hizi za sonona, fluoxetine na ndugu zake, haziko kama panadol, zinachukua wiki mbili mpaka sita ndo mtu aanze kuona nafuu, na siku za mwanzo anaweza kupata kichefuchefu au kuumwa kichwa ndo maana wengi wanazitupa wiki ya kwanza wanasema hazifai. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu na ugonjwa unarudi, akitaka kuacha anapunguziwa na daktari taratibu. Kitu kingine, kwa vijana hawa chini ya miaka 25 wiki za kwanza muwe naye karibu, kama mawazo ya kufa yanaongezeka badala ya kupungua mrudisheni kwa daktari siku hiyo hiyo. Maombi endeleeni, tena yanasaidia mtu asijione mpweke, ila mtumishi anayekataza dawa ya hospitali mi ningebadilisha kanisa, nasema hivyo nikiwa mlokole wa siku nyingi.

Baba mpe salamu zangu. Mwambie hivi, kama alisoma chuo kikuu miaka ile hiyo njaa aliipata wapi? Mpaka 1984 nchi nzima ilikua na chuo kikuu kimoja tu, chakula cha kantini analipa serikali, na ukimaliza kazi inakusubiri. Mwanae anaishi kwa bumu la 10,000 kwa siku, humo kuna chakula na chumba, likichelewa anakopa kwa mangi, na anawaona kaka zake waliomaliza juzi wanaendesha bodaboda na digrii. Simaanishi hiyo peke yake inaleta sonona, hata mtoto wa tajiri anaumwa, ila maneno ya "sisi tulisoma na njaa" yanamfanya kijana afiche, na akificha ndo mtamkosa.

Kuahirisha siyo aibu ila kuna karatasi. Aandike barua kupitia idara yake, aambatanishe ripoti ya daktari, asubiri majibu ya maandishi mkononi ndo apande basi, wengi wanaondoka kimya kimya chuo kinahesabu wametoroka. Bodi ya mikopo nayo ijulishwe maana mkopo unasimama na akirudi lazima uamshwe. Akifika nyumbani kliniki iendelee hapo hospitali ya kanda, na msimwache ajifungie chumbani siku nzima na simu, mpe kazi ndogo ndogo, amwagie mboga, aende sokoni. Bibi mwacheni na imani yake, ilimradi asimpeleke kuchanjwa chale.

Anti naomba jibu haraka. Rafiki yangu tunayekaa rumu moja ameanza kugawa vitu vyake, juzi kanipa laptop anasema haihitaji tena, na kwenye grupu letu la WhatsApp kaaga "mnisamehe wote". Nikimuuliza si ntampa wazo? Na nikisema kwa wadeni, msimamizi wa hosteli, si atakamatwa na polisi? *Wa hosteli*

Huyu nilimjibu siku ile ile, naweka hapa kwa ajili ya wengine. Muulize, tena kwa maneno yenyewe: "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi mtu wazo, wazo analo tayari na mara nyingi anashusha pumzi kwamba kuna mtu kaona. Usiahidi kutunza siri. Usimwache peke yake hata akisema anaenda bafuni dakika mbili, ita mtu mwingine mkae wawili, kisha wadeni, kisha hospitali ya chuo au dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane na hata kama amekasirika.

Habari ya polisi, ni kweli kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na mi naona kinatisha watu wasitafute msaada, wenzetu Kenya Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilitamka kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Ila hata hapa kwetu, kuwa na mawazo siyo kujaribu. Mtu anayesema "nataka kufa naomba mnisaidie" hajavunja sheria yoyote, mpeleke bila kuogopa. (Rafiki yake alifika hospitali, na laptop amerudishiwa.)

Anti mambo. Chuo chetu ni cha kati, kaunsela hakuna kabisa, kuna mwalimu wa malezi tu na yeye ndo huyo huyo anatoa adhabu. Tunaenda wapi? Alafu mi mwanaume, kwenda kulia mbele ya mtu naona noma. *Mwana wa Morogoro*

Poa mwanangu. Mwalimu anayetoa adhabu usimpelekee, upo sahihi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili, hospitali nyingi za mikoa zinayo na ina siku zake kwa wiki kwa hiyo ulizia dirishani siku gani kabla hujapoteza nauli. Kwenye kituo cha afya cha kawaida pia mwambie tabibu wazi "silali na nina mawazo", usiseme unaumwa kichwa, ukisema kichwa utapimwa malaria utapewa dawa urudi. Kama mko wengi wenye shida hiyo serikali ya wanafunzi iandike barua kwa mkuu wa chuo waombe hospitali iwatumie mtaalamu hata mara moja kwa mwezi, barua haigharimu kitu. Na la kulia, siyo lazima ulie. Wanaume wengi niliowaona walianza na kubeti na hela ya ada iliyoliwa, tukaongea mahesabu tu, mengine yakaja yenyewe mkutano wa tatu.