Kuchagua sefu ya bunduki: niliyojifunza siku tulipoikata sefu ya marehemu baba mdogo

Ndugu uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Kibali chako cha kumiliki bunduki ya marisau kimetoka, unaishi nyumba ya kupanga hapo Tanga na watoto wawili wa shule ya msingi, na muuza duka amekuonyesha makabati mawili marefu: moja linafunguka kwa alama ya kidole, jingine ni la ufunguo na limebandikwa maandishi kwamba linahimili moto kwa dakika 30. Unataka kujua uchukue lipi. Jibu langu ni kwamba bado hujauliza mambo mawili yanayotangulia hayo, yaani kabati lina uzito gani likiwa tupu, na litafungwa kwenye nini. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la mahindi Handeni na bunduki ya kufukuzia nguruwe na ngedere, lakini makazi yake yalikuwa Tanga mjini. Alipofariki, tulitoa taarifa polisi mapema, maana bunduki hairithiwi kama shamba. Kibali ni cha mtu, na anayetaka kuirithi anaanza maombi upya. Tatizo likawa moja: namba za sefu alikuwa nazo yeye peke yake. Baada ya siku kadhaa za kujaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote, tuliita fundi wa kuchomelea mwenye grainda, ile mashine ya kukatia chuma, na akaifanya kazi mbele ya askari na mwenyekiti wa mtaa. Mimi ndiye niliyeshika waya wa umeme, na nilitazama saa. Kwa dakika sita fundi alikuwa amekata dirisha la ukubwa wa kiganja kandokando ya kitasa, akapitisha mkono na kuyarudisha makomeo. Kisha aliokota kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga na kusema, "Mzee aliuziwa mkebe huyu." Sefu hiyo ilinunuliwa kwa maneno kwamba ni chuma cha milimita 6. Tulipokipima kile kipande, kilikuwa milimita 2.

Bunduki yenyewe ilikuwa imesimama ndani ya mfuko wake wenye sponji. Tulipoivuta, mtutu ulikuwa na ukoko wa kahawia kuanzia kati hadi mdomoni, na zipu ya mfuko ilikuwa imeganda kwa kutu. Wakati huo wote tulidhani kwamba mali ya marehemu imehifadhiwa.

Ilipofika zamu yangu ya kununua, sikusikiliza tena habari za milimita kutoka mdomoni mwa mtu. Nilikwenda na futi kamba na kuomba mizani. Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa takriban kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba, na kutokana na hilo unaweza kumhesabia muuzaji papo hapo. Kabati la kimo cha sentimita 150, upana wa 40 na kina cha 35 lina eneo la karibu mita za mraba 2.5 ukijumlisha pande zote sita. Likiwa la milimita 2 litakuwa na kilo 40 hivi, la milimita 3 kilo 60, na la milimita 6 linakaribia kilo 120, kabla ya kuongeza rafu na kitasa. Kwa hiyo mtu akikuambia milimita 6 huku vijana wawili wanalipandisha ngazi wakipiga soga, jibu umeshalipata. Kama ndani limezungushiwa ubao wa jasi wa kuzuia moto, utoe uzito huo kwanza. Ubao wa unene wa milimita 12.5 una kilo 9 au 10 kwa mita ya mraba, na wauzaji wengine huufurahia kwa sababu unafanya kabati jepesi lionekane zito.

Viwango vya nje vinaweza kukusaidia iwapo kabati limetoka nje. Waingereza wana BS 7558, ambacho ni kiwango cha makabati ya bunduki. Ulaya kuna EN 14450 chenye daraja S1 na S2 kwa makabati ya ulinzi wa kawaida, halafu EN 1143-1 kwa sefu hasa, kuanzia daraja 0 kwenda juu. Wajerumani, tangu Julai 2017, hawamruhusu mtu anayenunua upya kuweka bunduki kwenye kitu kilicho chini ya daraja 0 la EN 1143-1, na hilo linakuonyesha wao wanaliweka kabati la bati jembamba katika kundi gani. Kwa Wamarekani, alama ya UL, shirika lao la upimaji, kwa makasha ya nyumbani ya ngazi ya chini maana yake ni kwamba kasha lilistahimili dakika 5 za kushambuliwa kwa zana za mkono. Ni dakika tano tu, na grainda haikuwamo. Sefu iliyopimwa kweli huwa na kibamba kilichogongomelewa upande wa ndani wa mlango, chenye jina la kiwango, daraja na namba ya sefu. Stika ya nje ni karatasi tu.

Hata hivyo, mwizi wa kawaida wa nyumbani haji na grainda, kwa sababu ya kelele. Huja na mtaimbo, au hubeba kabati zima akalifungulie mbele ya safari. Kwa mtaimbo, angalia pengo kati ya mlango na fremu; ukucha ukiingia kwa urahisi, mtaimbo nao utapata pa kuanzia. Hakikisha pia kwamba upande wa bawaba kuna makomeo au ukingo unaoingia ndani ya fremu, ili hata bawaba zikikatwa mlango usitoke. Watu wengi huogopa bawaba za nje bila sababu, wakasahau kukagua jambo hilo.

Kuhusu kubebwa, EN 1143-1 yenyewe inataka sefu yoyote iliyo chini ya kilo 1,000 iwe na matundu ya kufungia chini. Kilo 60 zako ni mzigo wa wanaume wawili. Hapa ndipo mafundi wetu wanapokosea zaidi: wanalifunga kabati kwenye ukuta wa bloku zenye matundu, boliti inatanuka ndani ya uwazi, na ukivuta kwa nguvu inatoka na vumbi. Mimi ilinitokea, nililivuta kwa mikono miwili siku ileile, na boliti mbili kati ya nne zikanifuata. Tulihamia sakafuni, tukatoboa marumaru taratibu bila kuiwasha drili igonge, kisha tukaingia kwenye zege kwa boliti nne za milimita 12, kina cha sentimita 8. Usizidishe kina bila kujua unene wa jamvi la zege, kwani chini yake kuna nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini na hutaki kuitoboa. Wewe ni mpangaji, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba mapema. Mweleze kwamba utaziba matundu ukihama. Ukiliweka pembeni, kuta mbili zikiligusa, mtaimbo utakosa nafasi ya kuzungukia.

Sasa nije kwenye alama ya kidole. Nilikuwa na kasha dogo la tarakimu la kuwekea bastola, na nikajiona mjanja. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la saba, alikuja likizo, akalikuta juu ya kabati la nguo wakati bado lina pasipoti zetu tu. Jioni akaniambia, "Mjomba, hili lako linafunguka hivi." Akashika kitufe cha mlango kwa mkono wa kushoto, akalipiga ngumi juu kwa mkono wa kulia, na mlango ukafunguka. Alihitaji kujaribu mara tatu. Ndani ya makasha hayo ya bei nafuu, kinachozuia komeo ni kipini kidogo kinachosukumwa na springi na kuvutwa kwa umeme. Mshtuko unakirusha, na komeo linapita. Karibu yote, pia, yana ufunguo wa dharura nyuma ya kifuniko cha plastiki, wa aina nyepesi kuliko kufuli la baiskeli. Sisemi vitasa vyote vya tarakimu ni hivyo, maana vile vilivyopimwa kwa EN 1300, kiwango cha Ulaya cha vitasa vya sefu, ni kazi nyingine kabisa, lakini hivyo huvikuti kwenye kabati la bei uliyoitaja. Alama ya kidole ina udhaifu wake zaidi: kidole chenye jasho, hina au michubuko ya jembe hakisomeki, na betri zetu za pwani huvuja. Bunduki ya kulindia mahindi haihitaji kutolewa kwa sekunde mbili. Chukua ufunguo, ule mrefu wenye meno pande mbili.

Moto usikutishe sana. Jasi huzuia joto kwa sababu takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji, ambayo hutoka kama mvuke inapopata joto; lakini hutunza unyevu pia, na wewe uko Tanga, ambako masika hata chumvi mezani hulowa. Kutu utakutana nayo kila mwaka, moto pengine hutakutana nao kamwe. Itoe bunduki kwenye mfuko wa sponji au ala ya ngozi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki kila baada ya kuishika, na uweke punje za silika zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika, zikaushe kwenye oveni na uzirudishe. Mimi hufungua kila Ijumaa, na kuanzia Machi hadi Mei mara mbili kwa wiki.

Kimo kipime mwenyewe. Bunduki yenye mtutu wa inchi 28 hufika karibu sentimita 120 kwa jumla, hivyo ndani kusiwe chini ya sentimita 130. Ikiwa ni ya mitutu miwili ya kukunja, unaweza kuitenganisha na kununua kabati fupi lenye chuma kinene zaidi kwa fedha ileile, na hilo ningelipenda kuliko yote. Fundi wa kuchomelea anaweza pia kukutengenezea kwa pleti ya milimita 4, ila mnunulie wewe kitasa, kwa sababu akiachiwa atakuwekea pete mbili za kufuli. Risasi ziwe na kisanduku chao chenye ufunguo tofauti. Kisiwe chuma kizito kilichobanwa, maana risasi zikipata moto zikiwa huru hupasuka kwa nguvu ndogo, lakini zikibanwa ndani ya chuma huwa hatari.

Limebaki suala la ufunguo. Kabatini chini ya kanga, juu ya mlango, ndani ya chombo cha sukari: watoto wako wanapajua pote huko. Wangu ninatembea nao. Nakala ya pili haipo nyumbani. Imo kwenye bahasha iliyofungwa kwa wakili, pamoja na wosia. Mke wangu ana karatasi yenye namba ya bunduki, namba ya kibali na jina la kituo cha polisi atakachokwenda kwanza, halafu chini kabisa nimeandika unene halisi wa mlango, ili fundi wa grainda, akiitwa, asibishane na mtu.