Kukaa kimya wakati wenzako wanapaza sauti si roho ngumu

Ndugu yangu, umeandika kwamba umeokoka miezi mitatu sasa, na kanisa ulilokaribishwa wanaomba wote kwa sauti kwa wakati mmoja, mhubiri anapaza sauti mwanzo hadi mwisho, na wewe unabaki umekauka kama nguzo. Unauliza kama una roho ngumu. Hapana, huna. Nakwambia kwa niliyoyapitia.

Mimi nimelelewa katika Misa. Nilijua kinachofuata bila kufikiri: masomo, Injili, mahubiri mafupi, Nasadiki, matoleo, komunyo. Magoti yenyewe yalijua wakati wake. Siku ya kwanza kuingia katika ibada ya Kipentekoste, mhubiri akasema, "Mwambie jirani yako, wewe ni mshindi!" Mama mmoja akanigeukia, akanishika mkono, akaniambia kwa furaha yake yote. Nikainamisha macho. Akanisubiri kidogo, kisha akageukia upande wa pili. Kitendo kile kiliniuma kuliko kelele zote. Nilichoogopa hakikuwa Mungu wala Neno lake. Niliogopa kuonekana sijui. Nadhani nawe sehemu kubwa ya hofu yako iko hapo.

Kisha mchungaji akasema tuombe. Nikafumba macho nikingoja aombe kwa niaba yetu, mara ukumbi mzima ukalipuka. Sikuweza kusali hata neno. Lakini yule mama alikuwa karibu, na masikio yalipozoea nikaanza kuyasikia maneno yake: alikuwa anataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina, anamwombea kila mmoja, akifika mwisho anaanza upya. Tangu siku hiyo sijaweza kuyaita maombi ya namna ile vurugu.

Soma 1 Samweli 1. Hana aliomba midomo ikicheza, sauti haisikiki, na kuhani Eli akadhani amelewa. Halafu soma Matendo 2: siku ya Pentekoste wanafunzi walisema kwa lugha nyingine, na waliosimama pembeni wakasema wamelewa. Mmoja alishutumiwa kwa ukimya, wengine kwa sauti, na tuhuma ni ile ile! Hata Paulo alimfikiria mgeni kama wewe: katika 1 Wakorintho 14 anauliza, wote wakinena kwa lugha kisha akaingia asiyejua, si atasema mna wazimu? Ndipo akaagiza wanene wawili au watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Kwa hiyo swali lako ni halali kabisa, na unaweza kumuuliza mchungaji wako waziwazi.

Mahubiri nayo yalinichukua muda. Nilizoea padri afuate masomo ya Jumapili yaliyopangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, Mwaka A, B na C. Huyu alishika mstari mmoja, akaurudia, watu wakaitika, akaurudia tena. Daftari langu likabaki na mistari miwili. Ila katikati ya wiki niligundua ule mstari naujua kwa moyo. Hata hivyo sauti kubwa si ushahidi wa kitu. Ukifika nyumbani, fungua sura nzima uone kama alichosema kimo.

Na ugeni huu haubagui. Rafiki yangu mlokole nilimpeleka Misa; akanong'ona, "Mbona wanasoma sala kwenye kitabu?" Alipotea kurasa, nikawa namwonyesha kwa kidole. Tulipofika kwenye sala ya kuungama dhambi, "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu", akanyamaza. Baada ya Misa akaniambia hajawahi kutubu kwa yale ambayo hakuyafanya.

Kwa hiyo nenda mara nne au tano kabla ya kuamua. Tafuta mtu mmoja wa kukaa naye, mwulize baada ya ibada, "Pale mlipofanya vile, ilikuwa nini?" Usiigize kunena kwa lugha, usijiangushe kwa sababu wenzako wameanguka. Omba kwa sauti yako ya kawaida, hata ya chini. Hakuna anayekusikiliza kama unavyodhani. Wakikwambia ukimya wako ni pepo, au maombezi yana bei, hapo ondoka. Wakikuacha ukae kimya mpaka utakapozoea, kaa.

Mimi ilinichukua kama miezi miwili kumgeukia jirani na kumwambia neno. Nilianza na yule mama.