Kubana matumizi jikoni: ni ubakhili au ni shukrani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kazi ya mume wangu haina uhakika tena. Mwezi huu analipwa, ujao hatujui. Nimeanza kubana matumizi jikoni. Kiporo hakitupwi, nyama imekuwa ya mara mojamoja, mchuzi nauongeza maji, na kila tukipata kitu naweka akiba ya nafaka na maharage. Mama mkwe anasema huu ni ubakhili, na kwamba kuweka akiba ni kutomtegemea Mwenyezi Mungu. Linalonisumbua zaidi ni moyo wangu: nasema Alhamdulillahi huku machozi yananitoka. Je, napata dhambi? Na chakula kikiharibika nikakimwaga, ni israfu, yaani ubadhirifu?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na huo mchuzi, maana Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliuzungumzia. Alimwambia sahaba wake Abu Dharr (r.a.): "Ewe Abu Dharr, ukipika mchuzi uzidishe maji yake, na uwaangalie majirani zako." Ameipokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Tumezoea kuisoma hadithi hii kwenye mlango wa haki za jirani, na ndipo mahali pake. Ila tazama alichoamrishwa kuongeza. Hakuambiwa aongeze nyama, wala asubiri mpaka apate ya kutosha ndipo akumbuke watu. Aliambiwa aongeze maji, kitu ambacho hata fukara hakimshindi, na sufuria ileile ikapata mlaji mwingine. Katika hadithi nyingine, waliyoafikiana Bukhari na Muslim, amesema chakula cha wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Kwa hiyo usione haya kuongeza maji.

Ubakhili ni kitu kingine. Bakhili ni mwenye uwezo anayezuia haki iliyo juu yake: zaka haitoi, mgeni hamkirimu, watoto wanalala na njaa na fedha zimefungiwa. Hind bint Utba (r.a.) alimshitaki mumewe kwa Mtume kwamba hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanawe, na Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachowatosha kwa wema. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo ya ubakhili. Wewe unagawa kidogo kilichopo ili kifike mwisho wa mwezi, na Qur'ani imewasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wanapotumia hawafanyi israfu wala ubakhili, wanakuwa katikati (25:67). Lakini nikuambie ukweli: hali ikitengemaa ukaendelea kuwapimia watoto kwa kijiko kilekile, maneno ya mama mkwe yatakuwa na mashiko. Na kwa sasa usimjibu kwa ukali. Mpakulie yeye kwanza, na umtafutie kipande laini. Huenda neno lake limetoka kwenye hofu ya kuona nyumba ya mwanawe inapungukiwa.

Kuhusu akiba, Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mitende ya Banu Nadhiri, kabila la Mayahudi wa Madina, na kuwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Na nani anamtegemea Allah kuliko yeye? Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka 7 mfululizo, wanachovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo watakachokula, kwa sababu ilikuwa inakuja miaka 7 ya shida (12:47-48). Tazama alivyoingia mpaka kwenye namna ya kuhifadhi!

Hata hivyo, Bibi Aisha (r.a.) amesema walikuwa wakiona mwezi mwandamo mara tatu ndani ya miezi miwili, na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume, chakula chao tende na maji. Inakuwaje, na akiba ya mwaka ilikuwepo? Wanazuoni wameeleza kuwa ilikuwa ikiisha kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwapa wageni na wenye haja. Basi weka akiba yako bila wasiwasi, na mwenye njaa akibisha hodi usimwambie hamna. Kilichokatazwa ni kuhodhi: kufungia bidhaa wakati watu wanaihitaji ili bei ipande uuze. Magunia yako mawili matatu hayahusiki huko.

Sasa moyo wako. Machozi hayabatilishi shukrani. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Mzigo wa dhambi uko kwenye ulimi unaomlaumu Allah, na wako unamhimidi. Tena Allah amesema: "Fanyeni kazi, enyi watu wa Daudi, kwa kushukuru" (34:13), na wafasiri wakachukua hapo kwamba shukrani ina sehemu ya moyo, ya ulimi na ya viungo. Usiku unapokaa na ungo kuchambua maharage, ukayaloweka ili kesho yaive upesi na moto usiende bure, viungo vyako vimo ndani ya shukrani hata kama moyo umechoka. Nia iweke tu, na upige Bismillahi.

Mumeo na watoto nao wana sehemu yao. Mtume hakupata kukitia chakula kasoro: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Siku moja aliuliza kitoweo nyumbani, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiomba, akawa anakula na huku anasema siki ni kitoweo kizuri. Wasomee hadithi hiyo mezani, wewe mpishi usijisemee.

Mwisho, chakula kilichoharibika. Kimwage, wala usione dhambi. Kanuni ya sheria ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na kumlisha mtoto kiporo kilichochacha ili tu kisipotee ni kumdhuru. Kilichobaki mezani kikiwa kizima kihifadhi mapema, kisikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kupikwa, na ukikirudia kipate moto mpaka katikati. Kisichowafaa watu lakini hakina madhara, wape wanyama. Hadithi imesema katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira. Israfu ni pale unapojua mnabakiza kila siku na bado unapika kipimo kilekile. Hapo punguza unachotia sufuriani.

Wallahu aalam.